Ithibati ya Kurudi

Mtu aliyestaafu ualimu baada ya kuwafundisha watoto wa watu historia kwa sehemu kubwa ya umri wake, akaoa, akazaa, akazika wazee wake, na akapanda mikorosho ambayo wajukuu ndio watakaoifaidi, hudhani kwamba mambo yaliyombakia ya kuthibitisha mbele ya walimwengu ni machache, na hata hayo machache ameyaweka akiba kwa siku ya hesabu. Lakini mtu huyo akitia nia ya kwenda Ulaya kutembea, ataambiwa kwa adabu kamili kwamba liko jambo moja ambalo hajapata kulitolea ushahidi tangu azaliwe, nalo ni kwamba anapapenda kwao.

Muradi wa safari yangu ulikuwa mwepesi wa kueleza. Mimi ni mtu wa Lindi, na kutoka bandarini kwetu hata kilima cha Tendaguru ni mwendo wa kilometa sitini hivi kuingia bara. Kilimani hapo, baina ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walifukua mifupa ya wanyama waliokufa yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kazi ya mikono ilifanywa na mamia ya watu wa kwetu, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaichukua mifupa ile vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka pwani, ikapakiwa melini, jumla yake zaidi ya tani 200, ikaenda Berlin. Mmoja katika wanyama hao, mjusi wa kimo cha zaidi ya meta 13, aliungwa akasimamishwa katika jumba la makumbusho mwaka 1937, na humo yumo hata leo, watu wa dunia nzima wakikata tiketi kwenda kumtazama. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimchora ubaoni kwa chaki, na kila mara ubao uliniishia kabla ya mkia. Nikaazimia, maadamu macho bado yananitii, kwenda kumwona mkia na yote.

Kujaza fomu ya viza nilimwachia mpwa wangu, kijana ambaye hana jambo lisilowezekana simuni mwake. Akanisomea sababu za safari zinazokubalika, kwamba ni utalii, au biashara, au kumzuru ndugu au rafiki, au matibabu, au masomo, na kadhalika. Nami bila kusita nikamwambia atie alama penye kumzuru ndugu, kwa kuwa sikuona jina jingine la kumpa kiumbe aliyezaliwa wilayani kwetu akafia wilayani kwetu.

“Mjomba,” akasema, “ukitia alama hapo watataka barua ya mwaliko, na huyo mwenyeji wako hawezi kutia saini.”

Basi nikawa mtalii.

Kanuni zenyewe zina asili ya kupendeza. Mwaka 1985, tarehe 14 Juni, wajumbe wa nchi tano za Ulaya walikutana juu ya meli katika mto Mosel, penye kijiji cha Schengen huko Luxembourg, wakaahidiana kuiondoa milango baina yao wenyewe. Na aghalabu watu wanaoondoa milango ya ndani huikaza ile ya nje. Nchi hizo sasa zimefika 29, na mgeni mwenye viza yao ya muda mfupi huruhusiwa siku 90 katika kila siku 180. Pasipoti yake yapasa iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya yeye kuondoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Yangu ilikuwa tupu kutoka jalada hata jalada, na nilifurahi kuona lipo sharti moja ninaloweza kulitimiza kwa ziada. Ada ni euro 90, na hazirejeshwi hata ukinyimwa. Ndicho kitu pekee katika shauri hili zima ambacho hakitakiwi kurudi.

Udhia wa kwanza ulinikuta kwa mpiga picha. Bwana huyu ana pazia lililochorwa ndege ikipaa juu ya maghorofa, na sidhani kama yuko kijana mjini petu ambaye hajasimama mbele ya ndege hiyo mkono mmoja kiunoni. Nilipomweleza kwamba picha niitakayo ni ya upana wa milimita 35 kwa urefu wa milimita 45, nyuma pawe peupe patupu, kinywa kifumbwe, na bashasha isionekane usoni, alihuzunika waziwazi, kwa sababu katika wateja wake wote yule mmoja ambaye kweli angepanda ndege ndiye aliyeikataa ndege yake. Akatundika shuka la kitanda. Shuka lilikuwa na maua pindoni, akalipindua. Upande wa pili palikuwa na jina la hospitali, akalikunja. Kofia yangu ya viua tuliivua kwa hiari ili tusifungue mjadala wa dini, na hapo ndipo kipara changu kilipoirudishia kamera mwanga wake wote, ikabidi nipakwe poda ya mtoto. Kisha akawa kila akitaka kupiga hunena, kwa mazoea ya kazi yake, “Haya Mwalimu, cheka kidogo,” nami kila akinena hivyo hushindwa kujizuia. Picha iliyopatikana mwisho, baada ya mpwa wangu kumsihi anyamaze, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kunyimwa viza na kuipokea habari hiyo kwa subira.

Ya benki yalikuwa mazito zaidi. Huko waliko watu wanaolipwa mwezi kwa mwezi, taarifa ya benki husomeka kwa utulivu. Lakini mkulima wa korosho hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, mzigo huingia ghalani, hupigwa mnada, na fedha humjia kwa mkupuo mmoja baada ya miezi mingi ya ukame ambamo pensheni huingia asubuhi na kutoka jioni. Karani wa benki, binti niliyemfundisha darasa la nne, aliichapa taarifa yangu, akaitazama, akaninong'oneza kwa huruma, “Mwalimu, hii itaonekana umeazima.” Dawa yake, alisema mpwa wangu, ni kuziacha fedha zikae bila kuguswa mpaka siku ya ubalozi. Maneno haya hutamkwa na mtu asiyekaa Lindi msimu wa mavuno, wakati watoto wanapotolewa jandoni, wari wanapotoka unyagoni, na harusi zote zilizokuwa zikingoja bei ya korosho zinapotangazwa kwa pamoja. Nilikuwa tajiri wa makaratasi, na habari za utajiri huo zilitangulia kufika kila mahali nilipokwenda. Jirani yangu mmoja, nilipomweleza kwamba fedha zipo ila zinatakiwa zionekane tu, alinijibu kwamba hata yeye hana haja ya kuzitumia zote, angezitazama nyumbani kwake.

Kisha likaja lenyewe, la ithibati ya kurudi. Ilitakiwa bayana kwamba ninazo kamba za kunivuta nyumbani, nami nikaenda kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni mtu mwaminifu, mpole, na mwenye muhuri. Aliandika barua ambayo naona haya kuieleza kwa muhtasari tu:

“YAH: UTHIBITISHO WA KURUDI KWA MWALIMU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mkazi wa kijiji hiki tangu kuzaliwa. Ana nyumba ya bati, mikorosho 140, mbuzi, mke mmoja na shangazi. Ofisi hii haijapata kumwona akilala nje ya kijiji akastarehe. Aidha, anadaiwa mchango wa ujenzi wa darasa.”

Mpwa wangu alikataa sentensi ya mwisho, akasema huko Ulaya deni ni sababu ya mtu kukimbia. Mtendaji akashikilia kwamba ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hajapata kuona mtu wa kijiji chake aliyetoroka mchango wa darasa akaupona, na kwamba muhuri wake hauwezi kukaa juu ya barua iliyopunguzwa ukweli. Walijadiliana kwa wasaa mrefu huku mimi, ninayehusika na kichwa cha habari hapo juu, nikiwa nimekaa benchini na wagonjwa wawili waliokuja kutafuta barua za hospitali. Ilinibidi nilipe mchango ule papo hapo ili sentensi ifutike kwa haki. Na hivyo zile fedha zisizoguswa zikawa zimeguswa.

Nikasikia wakati huo huo kwamba mtalii atokaye Berlin kuja kwetu hushuka uwanja wa ndege, hulipa dola 50, hupewa viza yake pale pale, na kesho yake yuko ufukweni. Wala hakuna anayemwuliza ana mbuzi wangapi. Ni kweli kwamba wenzetu wa Unguja tangu Oktoba 2024 humtoza mgeni bima ya dola 44, kwa hiyo hatuwezi kusema somo halijaanza kueleweka.

Ama kuhusu bima, kanuni ya kwao ni kwamba mgeni awe nayo isiyopungua euro 30,000, ya kugharimia maradhi ya ghafula, hospitali, na, Mungu apishe mbali, kurejeshwa kwao akifa. Haya niliyasoma kwa sauti barazani bila kutazama kwamba shangazi yangu yupo. Shangazi hajui kusoma, lakini hesabu za maneno hazimpiti. Alinyamaza, akasukuma mkeka, akataka arudiwe.

“Yaani ukiwa mzima hawaamini kama utarudi?”

“Ndivyo, Shangazi.”

“Na ukiwa maiti wanataka kujua mapema nani atakurudisha?”

“Ndivyo.”

“Basi hao, mwanangu, hawakutaki kwa hali yoyote. Kaa nyumbani.”

Sikuwa na jibu, na hata sasa sijalipata.

Siku ya miadi nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, bahasha kifuani, nikakesha kwa jamaa, na asubuhi nikasimama dirishani mwenyewe, kwa kuwa mpwa wangu hakuruhusiwa kuingia. Alama huchukuliwa za vidole vyote kumi, na huweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59. Watoto walio chini ya miaka 12 husamehewa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kubangua korosho za kula nyumbani, na ajuaye korosho ajua kwamba maji ya ganda lake huunguza ngozi ikabambuka. Mashine ilinitazama vidole ikanikana. Dada aliyekuwa akinihudumia, mwenye heshima sana, alinipa kitambaa, akanipa mafuta, akanishikia dole gumba kwa mkono wake na kulikandamiza, hata mwisho mashine ikaridhia kwamba mimi ni mtu. Ndipo akafungua barua ya Mtendaji, akaisoma mpaka mwisho, nikaona mdomo wake ukicheza. Akajikaza, akauliza maswali yake.

“Mzee, unaye ndugu yeyote Ujerumani?”

Mpwa wangu alikuwa ameniusia nijibu kwa ufupi na kwa ukweli, na nikaona njia ya kuyatimiza yote mawili.

“Ndugu wa damu sina. Ila yuko mtu wa kwetu Lindi.”

Kalamu yake ikasimama. “Alikwenda lini?”

“Kabla ya vita vya kwanza.”

“Vya kwanza?”

“Vya Kaizari.”

“Na alirudi?”

“Hajarudi.”

Akaniangalia kwa macho ya mtu anayeona jalada zuri likiharibika mbele yake. “Huko anafanya kazi gani?”

“Husimama tu,” nikasema. “Watu hulipa kumtazama.”

Pakapita kimya, kisha akaelewa, akafunika uso kwa ile bahasha yangu, na mabega yake yakaanza kutikisika; yule bwana wa dirisha la pili akageuka kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akataka kujua kama jamaa huyo alikaa zile siku 90 au alizidisha.

Viza ilitoka. Imekatwa kwa siku za safari yangu na chache za akiba, nayo imekaa katika ukurasa wa kwanza wa zile tupu. Furaha ilikuwa kubwa nyumbani, isipokuwa kwa Mtendaji, ambaye tangu apate habari amekuwa hana raha, kwa sababu sasa ndipo alipotambua kwamba ametia muhuri wa serikali ya kijiji juu ya jambo ambalo bado halijatukia. Alinijia jioni, akakaa, akanywa chai, akazunguka mbali kama ilivyo desturi, mwisho akasema kwamba si kwa kutoniamini, lakini ofisi ingependa dhamana. Mbuzi hakuwataka, kwa kuwa wanakula. Amechukua baiskeli, na imefungwa kwa mnyororo nje ya ofisi yake, na kila anayepita huambiwa ni ya nani na ni kwa nini.