Nasomea Kusoma

Hakuna kitu kigumu kueleza hapa mtaani kwetu kama shahada ninayoisoma. Ukisema unasomea sheria, watu wanakusogezea kiti. Ukisema udaktari, wanakuonyesha vipele. Mimi nikisema nasomea zana na vitabu vya kufundishia kusoma, tena kwa njia ya mtandao, kimya kinapita kwanza, halafu fundi baiskeli anauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, unasomea kusoma?" Na mwalimu mkuu wangu, mtu niliyetegemea anitetee, alichotaka kujua ni kama uzamili wa a-e-i-o-u unapandisha daraja. Haupandishi. Nimeshauliza.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, Usukumani, mkoa wa Mwanza. Chuo kiko pwani ya mashariki ya Marekani, na jina lake silitaji kwa sababu bado hawajanipa matokeo. Ufadhili unalipa ada. Bando haulipi. Vipindi vya ana kwa ana, kwa maana ya uso wangu na uso wa kompyuta, vinaanza saa moja jioni ya kwao, wakishakula na kunawa. Kwetu ni saa nane usiku. Nilikuwa nimeshazoea, hata mbwa wa jirani wakawa hawanibwekei tena nikitoka nje kutafuta mtandao, ikafika Novemba. Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma kama wafanyavyo kila mwaka, kipindi kikahamia saa tisa usiku. Sisi huku jirani na ikweta jua halina mambo hayo. Nikamwandikia mhadhiri, mama mmoja mpole sana, kuulizia badiliko hilo. Akanijibu kwa upole ule ule kwamba hakuna kilichobadilika, kipindi ni saa moja jioni kama kawaida.

Saa mbili asubuhi mimi huyo mbele ya watoto, macho mekundu kama ya mpika pombe. Mzazi mmoja ameshamvuta mke wangu pembeni kumwuliza kama nimeanza kunywa.

Sasa hayo ya usingizi ningeyavumilia. Linalonimaliza ni zana zenyewe. Wiki ya kwanza tulipewa video ya darasa la mfano. Ilikula bando langu lote ili nione mwalimu ameketi na watoto kumi na wanane kwenye zulia. Nikairudisha nyuma kuwatafuta waliobaki. Hawakuwapo, darasa lilikuwa ndilo hilo. Ukutani kuna herufi za sumaku, chini yake makapu ya vitabu yamepangwa kwa rangi, na kona moja ina mto wa kulalia mtoto anayetaka kusoma kwa utulivu. Kwangu mtoto anayetaka kulala analala begani kwa mwenzake, maana tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madawati yetu hayajawahi kuwa na nafasi ya mtu kujinyoosha. Nina watoto mia na kidogo. Hicho "kidogo" kinategemea mvua imenyesha au haikunyesha.

Tuliagizwa tununue herufi za sumaku, na maelezo yalisema ukikosa ubao wa chuma tumia mlango wa friji. Nikaenda grosari ya jirani nikaomba visoda. Nikaviosha, nikaandika herufi kwa maka peni, kila kisoda herufi yake, watoto wakawa wanapanga b na a wanapata ba, m na a wanapata ma. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Ubaya ni kwamba watoto walinogewa, wakaanza kuokota visoda vya bia njia nzima wakiniletea, na wazazi wakaunganisha visoda na yale macho mekundu. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mimi najibu maswali mangapi kwa ajili ya shahada yako?"

Nikapiga picha visoda nikavituma kama kazi ya wiki. Jamani, nilivyosifiwa! Kila wiki kila mmoja wetu analazimika kuwajibu wenzake wawili, na wote walinijibu mimi. Ubunifu wa hali ya juu. Uendelevu. Mhadhiri akaniomba niandae onyesho kwa darasa zima, saa tisa usiku. Hapo ndipo nilipoanza kununa, na mpaka leo sijanunua uso mwingine. Mwenzangu wa kule akinunua seti ya herufi za plastiki ni mwalimu wa kawaida. Mimi nikikosa, naitwa mbunifu. Nimekuwa mbunifu tangu niajiriwe. Nimeandika chati kwenye viroba vya mahindi, nimechora tembo kwenye boksi la sabuni mpaka maneno ya sabuni yakamtokea tumboni, nimeazima maka peni ya mtendaji wa kijiji. Ubunifu ninao. Ningependa kuonja kidogo na ukosefu wa ubunifu, niwe na kabati lenye vitabu, nilifungue, nichukue kimoja, nisome.

Katikati ya kozi tukaingia kwenye historia, na hapa nakiri nilifurahi, kwa sababu niligundua Wamarekani wamegombana kuhusu kusoma kuliko sisi tunavyogombana kuhusu mipaka ya mashamba. Profesa mmoja aitwaye Edward Dolch alitoa mwaka 1936 orodha ya maneno ambayo mtoto ayakariri kwa macho, 220, kwa kuwa maandishi ya Kiingereza na matamshi yake hayapatani. Shule zikafundisha watoto kutambua neno zima kama sura ya mtu. Mwaka 1955 Rudolf Flesch akatoa kitabu, Why Johnny Can't Read, akisema mambo yameharibika kwa sababu watoto hawafundishwi sauti za herufi. Miaka miwili baadaye Dr. Seuss akaandika The Cat in the Hat kwa maneno tofauti 236 tu, kitabu kikauzwa mno. Maneno 236! Andalio langu la somo la siku moja linakaribia idadi hiyo na hakuna aliyewahi kulinunua. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoundwa kwa agizo la bunge lao likatoa ripoti kwamba ndiyo, sauti za herufi zifundishwe kwa mpangilio. Bibi yangu angewaambia bure.

Kwetu ugomvi huo hauna pa kukaa. Mtoto akishazijua irabu tano na konsonanti zake, ba be bi bo bu inamfikisha mbali. Vinabaki vikwazo vya hapa na pale, mbwa, ng'ombe na ngoma, dhahabu, lakini hakuna neno linaloandikwa hivi likasomwa vile. Nikadhani nitasamehewa kazi ya ukuta wa maneno ya kukariri. Wapi! "Tengeneza ukuta wa lugha yako." Nikaanza na kitenzi kilichomo kwenye orodha ya Dolch, cha kusema. Alisema. Nilisema. Hawakusema. Atakaposema. Waliotusemea. Manila ikaisha nikiwa bado kwenye kusema.

Ni jambo la kuchekesha mpaka linapofika kwenye upimaji. Vipimo vya kusoma vinavyotumika katika nchi nyingi, na kwetu vimetumika, vinampa mtoto dakika moja asome kwa sauti, halafu yanahesabiwa maneno aliyoyasoma sawasawa. Mtoto wangu akisoma "hawakutusomea" anaandikiwa neno moja. Mtoto wa Kiingereza kusema jambo hilo hilo atapita maneno sita, na kila moja lina alama yake. Nikaliandika hilo kwenye insha yangu, mhadhiri akakubali kwamba ndiyo maana huwezi kulinganisha mwendo wa kusoma wa lugha moja na wa lugha nyingine. Basi angalau kuna usiku mmoja ambao haukupotea.

Na wepesi wetu huu una mtego wake. Watoto wangu wengi wanaingia darasa la kwanza wakiongea Kisukuma nyumbani. Nikawapa silabi, wakazimeza. Binti mmoja wa mbele alinisomea ukurasa mzima bila kukwama, nukta anapumzika, mkato anapumzika, mpaka nikajiona fundi. Nikamwuliza, "Haya, huyo baba kwenye hadithi amefanya nini?" Akanitazama kwa huruma. "Sijui, Mwalimu. Mimi nimesoma tu."

Dawa ya "nimesoma tu" inajulikana, hata kozi yangu imeirudia hadi bando limelia: mtoto asome vitu vingi, vya aina nyingi, vinavyomhusu, na asomewe. Vingi! Darasani kwangu kuna kitabu cha kiada. Watoto wanakisoma vizuri sana, hata kikiwa kimefungwa. Ukiwageuzia ukurasa wa nane ukataja wa kumi na mbili, wanasoma wa kumi na mbili bila kuutazama. Kumfundisha mtoto kusoma kisha ukampa kitabu kimoja ni sawa na kumfundisha kuogelea ndani ya karai, na sisi ziwa tunaliona pale.

Tuliletewa somo la kupanga maktaba ya darasa kwa ngazi. Kuna mabingwa wawili wa Marekani, Fountas na Pinnell, waliopanga vitabu kuanzia A hadi Z, ili mtoto apewe kinachomtosha. Kazi: panga maktaba yako. Mimi ngazi zangu ni mbili, kipo na hakipo. Kuna pia boksi tulilopewa na wahisani, Mungu awabariki, lina hadithi za Kiingereza za watoto wanaosukuma theluji kwa koleo mlangoni, mwongozo wa kutunza bustani ya waridi, na kitabu cha kodi ya mapato ya nchi ambayo sitaitaja. Nikakiweka hicho cha kodi ngazi ya Z.

Wiki iliyofuata tukaulizwa historia ya kufundisha kusoma nchini kwa kila mmoja. Hapo nikaamka. Nikawaandikia habari za kisomo chenye manufaa. Mwaka 1968 ulianza huku kwetu Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, watu wazima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi. Bibi yangu alipita humo. Alijifunza herufi kwenye kitabu cha pamba, na tangu hapo karani wa mizani akawa na adabu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchi nzima. Na watu wale walikumbuka jambo ambalo linasahaulika kila mara: kwamba aliyejua kusoma jana anahitaji cha kusoma kesho. Zikafunguliwa maktaba za vijijini, na mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Bibi alilisoma kwa sauti barazani hata kama hakuna aliyeuliza.

Insha ikarudi na mstari mwekundu chini ya Bibi. Chanzo? Nikaeleza kwamba chanzo ni yeye mwenyewe. Nikafahamishwa kuwa katika mtindo wa APA mazungumzo binafsi yanatajwa ndani ya maandishi kwa mabano, ila hayaingii kwenye orodha ya marejeo mwishoni, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyatafuta. Atashindwaje? Ashuke Misungwi, aulize, ataonyeshwa nyumba. Bibi yuko kwenye mabano mpaka leo, na sijathubutu kumweleza.

Mhadhiri, kwa kunihurumia, akanielekeza kwenye African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini wenye hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ni hadithi nzuri, zina mbuzi na mito na bibi wakali. "Zichapishe tu," akaniambia. Nikaenda steshenari na flashi yangu. Kijana akanitajia bei ya ukurasa wa rangi, nikamwomba flashi. Waandishi na wachapishaji wetu nao wapo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza hapa Tanzania mwaka 1991, ukawa unanunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shuleni, na vitabu vyake ukibahatika kuvikuta vimechakaa kwa kushikwa, si kwa panya. Kinachogomba ni njia kutoka ghala la Dar es Salaam hadi dawati la Usukumani.

Kazi ya mwisho ya kozi ilisema hivi: umepewa dola 500 za kufikirika, jenga maktaba ya darasa. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Nilichagua vitabu kimoja kimoja, vifupi kwa wanaoanza, virefu kidogo kwa wale mabingwa wa ukurasa wa kumi na mbili, nikavipigia hesabu ya gharama za basi kutoka Dar, nauli ya bodaboda kutoka stendi, kufuli la kabati na zawadi ya mlinzi. Nimepewa alama za juu. Mhadhiri amesifu uhalisia wake. Pesa zimebaki za kufikirika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa kwako kuna kitabu cha hadithi cha Kiswahili ambacho mwanao ameshakipita, kipeleke shule ya msingi iliyo karibu nawe, mkabidhi mwalimu wa darasa la kwanza au la pili mkononi, si ofisini. Kikiwa kimechanika jalada hakuna neno, gundi tunayo. Vya theluji na vya kodi kaeni navyo. Visoda vinatosha.