Mhadhara wa Profesa wa Tairi kwa Vijana wa Kerende

Mura, kaeni kimya. Wenye bodaboda zimeni injini. Anayezungumza nanyi ni Profesa wa Tairi na Rimu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona vyuo vinachelewa. Mada ya leo ni nzito: pikapu iliyoshushwa ivae tairi za namba gani hapa kwetu Kerende?

Tuanze na kusoma, maana wengi wenu mnanunua tairi kwa kung'aa. Angalieni ubavuni: 225/70R15. Hiyo 225 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, asilimia 70 ya upana, yaani milimita 157 na nusu. 15 ni inchi za rimu. Jumlisha mbavu mbili na rimu, tairi linasimama milimita 696. Hesabu hii niliigundua mimi. Kwamba watengenezaji nao wanaitumia, huo ni wizi wa kitaaluma na ninaufuatilia.

Sasa kijana ameshusha Hilux yake. Ekseli ya nyuma iliyokuwa chini ya springi imehamishiwa juu yake, na sasa anataka 245/40R18. Rimu imekua inchi tatu, watu wanapiga miluzi! Lakini ubavu umebaki milimita 98, na tairi zima ni milimita 653. Gari limeshuka tena milimita 21 na ushei bila fundi kushika spana. Spidomita nayo inasoma 100 wakati gari linakwenda 94 hivi. Wapinzani wangu wanaita hasara. Mimi naita hekima: dereva anajiona anakimbia, na trafiki hana cha kuandika.

Nati. Hilux nyingi za kuvuta mbele na nyuma zina nati sita, kwenye duara la milimita 139.7. Rimu ya Noah ina tundu tano. Kuna mwanafunzi aliyeuliza kama tundu la sita linaweza kutobolewa. Nilimfukuza darasani mbele ya watu, kisha nikamwita nyuma ya banda nimsikilize vizuri.

Tunafika kwenye uzito, ambako wasomi wadogo hujikwaa. Baada ya namba za saizi kuna namba nyingine. Tairi la mzigo lenye 112 linabeba kilo 1,120. Lile jembamba la ubavu, lenye 97, linabeba 730. Kwa tairi mbili za nyuma pengo ni kilo 780, karibu magunia manane ya mahindi. Mama mmoja hapo mbele ameuliza: "Sasa Profesa, hayo magunia manane atayabeba nani?" Mama, swali lako ni la kilimo. Pikapu iliyoshushwa haibebi magunia, inabeba heshima.

Mtumba nao una siri yake. Tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 1811 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2011. Muuzaji alipake kiwi mpaka ujione usoni, mpira wake umeshakauka. Hili nalisema bila utani, na ni mahali pekee leo ambapo fundi wa pancha ananiunga mkono.

Wapo wanaonong'ona kwamba mgodi wa North Mara uko hapa jirani, tukajifunze huko. Lori la Caterpillar 777, kama yale ya migodini, huvaa 27.00R49. Rimu ya inchi 49! Naona mnatazamana. Kwa taarifa yenu, lori lile halijashushwa hata kidogo. Wenye dhahabu si lazima wawe na ladha.

Mkiulizwa njiani kwa nini madigadi yanakula tairi kila mkikata kona, jibuni kwamba ni sauti ya mjini.

Maswali baadaye. Kwanza naomba vijana sita wenye nguvu, wasiovaa nguo za kanisani: gari la mhadhiri limekaa tumbo juu ya tuta la shule, na basi la Mugumu linapiga honi.