Jinsi ya Kwenda kwa Mfalme Henry Ukiwa Mtu wa Kilwa

Shughuli ni watu, na shughuli hii inataka watu wasiopungua wanne: mwenye gari, mwenye sauti, mwenye kujua historia, na mmoja ambaye hakutaka kuja. Huyo wa nne msimwache hata akisema anaumwa tumbo. Ndiye atakayekuwa wa mwisho kutoka jioni, shada la maua kichwani, akiuliza kama na kesho wanafungua.

Nazungumzia tamasha la Renesansi la Crownsville, karibu na Annapolis, jimbo la Maryland. Sisi tuliotawanyika Baltimore na Silver Spring tunafika pale chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, kila Jumamosi na Jumapili, eneo zima la miti linageuka kijiji cha Kiingereza cha enzi za Mfalme Henry wa Nane. Mfalme yupo, na malkia wa msimu huo yupo. Henry alioa wake sita, kwa hiyo hadithi haiishi. Wapo wahunzi, wapuliza vioo, washona ngozi, wacheza ngoma, na waigizaji wanaotembea katikati ya watu bila kutoka katika nafasi zao hata dakika moja. Matamasha ya aina hii yalianza California mwaka 1963, mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron walipoandaa tamasha la kwanza kuchangia redio moja ya huko. Hili la Maryland lipo tangu 1977.

Tiketi nunueni mapema mtandaoni. Geti linafunguliwa saa nne asubuhi, kwa hiyo kwenye kundi la WhatsApp andika saa mbili. Unawajua watu wako. Anayejibu "niko njiani" bado anatafuta taulo, na anayejibu "nimefika" ndiyo kwanza anafunga mlango wa nyumba.

Sasa mavazi, na hapa naomba tuelewane vizuri, maana hapa ndipo siku inapopona au kuharibika. Wengi wetu mara ya kwanza huenda na jinzi na fulana, tukisema hii sherehe ni ya Wazungu na babu zao, sisi tumekuja kutazama. Ondoa wazo hilo. Henry alikalia kiti mwaka 1509. Wakati huo Kilwa ilikuwa na Msikiti Mkuu wake wa makuba, ilikwisha kupiga sarafu zake za shaba, na kwa muda mrefu ilikuwa imetajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Malindi ilikwisha kumpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, twiga mzima, kwa jahazi na merikebu. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja watu wa Kilwa kwa nguo zao nzuri za hariri na pamba, na wanawake wao kwa dhahabu na fedha walizojipamba. Kwa hiyo usiazime koti la Mwingereza. Nenda kama mfanyabiashara wa Kilwa aliyeteremka na shehena yake, na utembee kwa mwendo wa mtu anayedaiwa salamu.

Funga kitambaa cha pamba kiunoni kishuke hadi kwenye vifundo vya miguu, tupia hariri begani, piga kilemba cha heshima. Mwenye kanzu tu na avae kanzu, hatumfukuzi. Kanga, dada zangu, naomba ibaki nyumbani siku hiyo, ingawa najua inauma. Kanga zilikuja karne ya 19, na yule mwenye kujua historia hatakuacha upumue. Vua saa ya mkononi. Jambia ruksa, ila silaha yoyote hufungwa kwenye ala yake isichomoke, nawe kubali bila ubishi. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea, maana njia ni vumbi, vipande vya mbao na mizizi ya miti. Rafiki yangu wa Tanga alivaa makubazi mapya. Kufikia saa saba mchana tulikuwa tunamshika huku na huku kama bibi harusi.

Ukishaingia, utasalimiwa kwa Kiingereza cha kale. Usiogope. Wajibu kwa Kiswahili, tena kile cha kutoka kifuani: "Shikamoo, mheshimiwa!" Wanapenda, na wewe umo ndani ya kweli, kwa sababu lugha yetu yenyewe ilipita katika zama hizo. Meza, leso, bendera, mvinyo, gereza, haya yote yalituingia kutoka kwa Wareno wa karne zile. Ila ukikutana na mtu aliyevaa kama nahodha Mreno, kikao kifanyike kwanza. Rafiki yetu wa Malindi alitaka kumkumbatia, maana Malindi ilimpokea Vasco da Gama vizuri mwaka 1498. Wa Mombasa akamvuta nyuma kwa mkono, maana Mombasa ilichomwa moto mwaka 1505, halafu ikavamiwa tena 1528. Yule nahodha maskini alisimama pale akisubiri hukumu. Mwishowe aliyejifanya wa Kilwa, ambaye mji wake uliporwa mwaka huohuo wa 1505, alimwomba alipe kwanza. Akalipa kwa kumnunulia limau ya barafu, na amani ikarudi.

Chakula cha mahali hapo ni mguu wa bata mzinga, mkubwa kama rungu. Ndani utaukuta mwekundu na una ladha inayokaribia ya nguruwe, kwa sababu hulowekwa kwenye maji ya chumvi kisha huchomwa kwa moshi. Aliye na swali la kuchinja aulize, na kama jibu halimridhishi, yapo mahindi ya kuchoma. Mguu huo unaliwa kwa mkono, na fani hiyo sisi tumezaliwa nayo. Bata mzinga alitoka Amerika akaingia Uingereza enzi za Henry huyuhuyu. Mahindi, muhogo na pilipili navyo vilitoka Amerika, vikafika pwani yetu kwa meli za Wareno. Dada wa Mombasa alitoa kwenye mkoba kichupa cha pilipili ya kusaga, akanyunyiza juu ya nyama, na meza nzima ya wageni ikaomba ijaribu. Kichupa kilirudi kitupu.

Mashindano ya mikuki juu ya farasi msiyakose kwa lolote. Kaeni mapema upande wa mpanda farasi mmoja, mchague kwa rangi ya bendera yake, kisha mpigieni kelele kama timu yenu ya mtaani. Huko watu hupiga kelele ya "Huza!", sisi tuliongeza vigelegele, na farasi mmoja aligeuza masikio. Maryland ilitangaza mchezo huu kuwa mchezo rasmi wa jimbo mwaka 1962, kwa hiyo watu wake wanaujua.

Na mkikaa pale, mwambie jirani yako habari za John Blanke. Februari 1511 Henry alifanya mashindano makubwa ya mikuki huko Westminster kusherehekea kuzaliwa kwa mwanawe. Yalichorwa kwenye ngozi ndefu ambayo ipo hadi leo, na humo, mara mbili, yuko mpiga tarumbeta mweusi juu ya farasi, kilemba kichwani. Alikuwa mtumishi wa mfalme kwa ujira wa peni 8 kwa siku. Aliona hazitoshi, akaandika barua akiomba 16, akapewa. Alipooa mwaka 1512, mfalme alimpa zawadi ya harusi. Mimi kila nikisikia tarumbeta ya kufungua uwanja nasimama kwa ajili yake, na nawasimamisha wenzangu.

Mwaka jana, jioni, msafara wa mfalme ulipita mbele yetu. Mwigizaji mwenye ndevu nyekundu alisimama, akamtazama rafiki yetu mwenye kilemba, yule aliyekataa kuja, akamuuliza ametoka nchi gani. Rafiki yetu mwaka mzima hujitambulisha kwa nambari ya idara yake kazini. Akanyoosha mgongo. "Kilwa," akasema, "na dhahabu ya Sofala." Yule mfalme alinyamaza kidogo, akavua kofia yake yenye manyoya, akainama mpaka manyoya yakagusa vumbi. Kisha akawageukia watu wake akapaza sauti: mjumbe wa Kilwa apewe njia.

Watu wakasogea kando. Tukapita wote, yule wa Tanga peku, makubazi mkononi.