Mimina, Kisha Mimina Tena: Mhadhara wa Kiriri

Mhadhara huu juu ya mshtuko wa sepsisi nautoa hapa Kiriri, Bujumbura, kwenye baraza inayoitazama Ziwa Tanganyika. Najua kitivo cha tiba kiko Kamenge. Lakini Kamenge kuna wagonjwa, nao huvuruga fikra.

Tuanze na jambo kubwa: mimi. Ni profesa wa heshima. Heshima hiyo nilijitunuku mwenyewe baada ya vyuo vikuu kuchelewa. Suti hii imeshonwa Ubelgiji. Kadi zangu ziko mlangoni, chukueni mbili mbili.

Sasa mada. Maambukizi yakienea mwilini, mishipa hulegea, presha hushuka, damu haifiki inakotakiwa. Tiba? Dripu ya maji ya chumvi! Mimina, kisha mimina tena. Litazameni ziwa lile, kina chake mita 1,470. Nani amewahi kusikia limepatwa na mshtuko?

Ushahidi upo, tena wa Afrika Mashariki. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011: watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka sawasawa, kuanzia Kilifi na Muheza hadi Mulago na Soroti. Waliomiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, asilimia 10.5. Wasiomiminiwa hivyo, 7.3. Hata mtoto wa darasa la pili anaona: maji yameshinda!

Naam, muuguzi pale nyuma? Asilimia ya nini? Ya... waliofariki ndani ya saa 48. Ahsante, mama. Hayo ni maoni.

Ndiyo, uandikishaji ulisitishwa kabla ya wakati. Woga! Eti pia vifo vya ziada havikutokana na mapafu kujaa maji, bali mzunguko wa damu kuporomoka. Yaani mzunguko ule ule nilioahidi kuuinua. Tuendelee.

Zambia nako, 2017: watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini. Waliofuata mpango wa kumiminiwa zaidi walifariki asilimia 48.1, waliotibiwa kama kawaida, 33.0. Lakini Zambia ni mbali. Nani kasema inapakana na ziwa hili hili? Kaa chini.

Australia waliwatia kondoo sumu ya bakteria. Waliojazwa maji ndio waliohitaji dawa nyingi zaidi ya kubana mishipa. Kondoo hana nidhamu, kila mfugaji anajua.

Mama ameinuka tena. Anasema wa kipindupindu amepoteza maji, arudishiwe haraka. Wa sepsisi mishipa yake inavuja, apewe kwa kipimo huku akiangaliwa. Ndivyo nilivyosema mimi, ila kwa sauti nzito zaidi.

Nahitimisha. Mgonjwa akipona, nadharia yangu imethibitika. Akifa, alipungukiwa maji. Maswali? Wewe, mama, hapana.