Milioni Mbili na Nusu, Kichwa Kikiwemo

Ukitaka kujua majirani zako ni mafundi kiasi gani, tangaza kwamba unanunua pikipiki. Mimi nilimwambia mke wangu tu, tena usiku, tena chumbani. Asubuhi yake muuza chapati alinionya niepuke pikipiki za Kichina. Mzee yule sijapata kumwona hata na baiskeli, lakini alinieleza habari za pistoni mpaka chapati ikaungua, na akanitoza iliyoungua.

Sababu ya kununua haina mjadala. Nakaa Chamazi, kazi yangu iko Kariakoo. Anayeijua Barabara ya Kilwa saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuniuliza zaidi. Fedha ipo: milioni mbili na nusu za kikoba, zilizopatikana kwa jasho na kwa kugombana na mweka hazina.

Tabu ni kwamba mjini hapa hakuna anayekushauri ununue pikipiki nzuri. Kila mtu anakushauri ununue ya kwake. Mwenye Boxer anakuapia kwamba spea zake utazikuta hadi gengeni, katikati ya nyanya na vitunguu. Mwenye TVS anakuambia Boxer inakunywa mafuta, hamia HLX ule raha. Mwenye ya Kichina anakupiga begani: “Kaka, zote chuma tu. Chukua ya bei rahisi, chenji ule.” Kinachoudhi ni kwamba wote wana ukweli kidogo. Spea za Boxer zimejaa kwa sababu bodaboda wamejaa nazo, na kwa mtu wa mfuko wangu, spea ya karibu ina maana kuliko spidi. Hata hivyo, hiyo Boxer ya cc 150 ukisoma maelezo yake ina cc 144.8. Siku hizi hata injini inapunjwa kama kilo ya sukari. Nilimwomba muuzaji anipunguzie hela ya hizo cc 5.2 zilizopotea. Alinitazama, akahamia kwa mteja mwingine.

Mpya ikawa imenipita kimo. “Chukua ya mkataba basi,” akasema shemeji yangu, ambaye kila tatizo lake lina dawa ya mkopo. Nikakaa na kalamu. Mkataba ni elfu kumi kila siku; mwaka mzima ni 3,650,000. Na hiyo elfu kumi bodaboda anaitoa kwa abiria; mimi abiria wangu ni mkoba wa chakula cha mchana, na haujawahi kunilipa nauli.

Ikabaki ya mkononi. Hapo ndipo nilipokutana na dalali.

Pikipiki zote za madalali zilikuwa za mwalimu. Sijui walimu wa nchi hii wanapata wapi pikipiki nyingi kiasi hicho, lakini kila niliyoonyeshwa, mwenyewe alikuwa mwalimu, anaendea shuleni na kurudi, basi. “Injini haijafunguliwa, bosi. Iko vilevile ilivyotoka kiwandani.” Nikainama. Vichwa vya boliti za kifuniko cha injini vilikuwa vimeliwa na spana hadi vikawa mviringo, na kwenye maungio silikoni nyekundu ilikuwa imechungulia nje, mbichi, bado ina alama ya kidole cha fundi. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni rangi.

Mita ilisoma kilomita elfu saba. Mpira wa kiki ulikuwa umesagika umebaki chuma kitupu, na raba za kukanyagia zimelainika hadi zinateleza. Mguu wa mwalimu gani huo unaomaliza mpira wa kiki kwa kilomita elfu saba? Nikagusa injini: ya moto, na mimi ndiyo kwanza nimefika. Pikipiki iliyochoka huwa inasumbua kuwaka asubuhi ikiwa baridi, kwa hiyo muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika, akakukaribisha kwa tabasamu. Nikamwambia tuizime, tukanywe chai, tukirudi tuiwashe. Chai akakubali. Tuliporudi alipiga kiki mpaka shati likalowa, kisha bomba likatoa moshi wa bluu. Huo ni oili inayoungua, ringi zimekwisha. “Unafukuza mbu,” akasema.

Sikumaliza. Nikaomba kadi. Namba ya chesesi kwenye kadi ilikuwa moja, kwenye chuma ni nyingine. Dalali akasema ni makosa ya uchapaji. Namshukuru Mungu sikuombwa nichangie gharama za kusahihisha chuma.

Lakini lililonikera kuliko dalali ni hili: katika ushauri wote huo, wa muuza chapati, wa shemeji na wa kijiwe kizima, hakuna hata mmoja aliyetaja kofia ngumu. Wamenifundisha mnyororo, plagi, hata aina ya oili. Kichwa hakuna aliyekigusa. Labda wameona hakina cc za kutosha.

Nikaenda mwenyewe kwa wauza kofia. Zimening'inizwa kwa safu, za kila rangi, elfu kumi na tano kila moja. Nikachukua moja nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Ndani kuna sponji limegundishwa moja kwa moja kwenye plastiki. Kofia ya kweli, kati ya gamba na sponji ina povu gumu jeupe, lile linalofungwa kwenye televisheni mpya. Hilo povu ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Nikauliza kama ana yenye alama ya DOT. “Ipo, bosi, subiri nikubandikie.” Akatoa bahasha ya stika.

Hiyo DOT ni ya Marekani, ambako mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba kofia yake imefikia kiwango. Ndiyo maana kubandika ni rahisi. Yenye kiwango cha ECE, cha Ulaya, tafuta kwenye mkanda wa kidevuni: lebo iliyoshonwa, ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Kuna mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yanayoonyesha kwamba kwa wanaopata ajali, kofia inapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Stika haimo kwenye hesabu hiyo.

Nikapata nzuri kwa laki na nusu. Nimefika nyumbani najisifu, mke wangu akaigeuza, akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, “Asante, baba watoto. Na ya kwako iko wapi?” Sheria nayo iko upande wake: abiria pia anatakiwa kuvaa. Laki na nusu nyingine.

Kofia ya mtumba nilikataa, maana povu likishapondeka mara moja halirudi, na nje huoni kitu. Nguo ndiyo mtumba unafaa. Bodaboda waligundua zamani: koti zito lililoshonwa kwa baridi ya Ulaya wanalivaa Dar mwezi wa pili, kinyumenyume, zipu mgongoni. Tunawacheka, lakini lami ikikwaruza, inaanza na koti. Kwenye soko la Karume nilipata koti la ngozi, glovu, na buti zinazofunika kifundo cha mguu, vyote kwa bei ya chini ya kofia moja. Riflekta ni hela ya soda chache.

Ukiongeza mafunzo na leseni ya pikipiki, bima, na kuhamisha kadi, kilichobaki kilinunua HLX 125 iliyopauka rangi, niliyoiwasha mwenyewe ikiwa baridi, na namba za chesesi zinapatana na kadi. Kijiwe kinanicheka: kofia mpya, pikipiki kuukuu. Muuza chapati anasema nimepigwa.

Wewe unayejikusanya, usianze na bei ya pikipiki. Toa kwanza hela ya kofia mbili, leseni na bima, uzifunge mbali na dalali. Zitakazobaki ndizo bei ya pikipiki yako. Zisipotosha, panda daladala mwezi mwingine. Spea za Boxer ziko kila kona, za kichwa hakuna duka.