Kiti cha Mtoto Ndani ya Probox

Nchini Japani, tangu Aprili 2000, sheria inataka mtoto aliye chini ya miaka 6 afungwe kwenye kiti chake garini. Toyota Probox ilizaliwa huko huko mwaka 2002, gari la biashara lenye adabu zake. Likifika Kericho, nchini Kenya, husahau malezi.

Mzazi anayehangaika na kiegemeo cha kichwa kinachokisukuma mbele kiti cha mwanawe, aende stendi ya Litein. Hapo kiegemeo kiling'olewa zamani ili kiti kikunjwe, kabichi zilale.

Nyuma wamebanana wanne. Mbele, dereva anakalia nusu kiti, nusu kampisha abiria.

"Mama, pakata mtoto, songa kidogo," makanga anasema.

Mtoto anapandishwa mapajani. Gari linaondoka kuelekea Bomet.