Sifa za Tangi Lisilo na Samaki

Tangu liingie nyumbani kwangu, tangi hili la kioo halijaua samaki hata mmoja. Naitanguliza sifa hiyo kwa sababu ni wenye matangi wachache wanaoweza kuitaja mbele za watu bila kuangalia chini. Wabane kidogo jamaa wa Dar es Salaam wanaofuga samaki wa mapambo, watakusimulia misiba mitupu: huyu alilala na watano akaamka na wawili, yule alikwenda harusini Moshi, huku nyuma umeme ukakatika, akarudi akawakuta wote wanaelea matumbo juu. Tangi langu halijaweka matanga. Halijamliza mtoto. Halijamfanya mtu mzima achimbe kikaburi nyuma ya choo usiku, majirani wasimwone. Lingekuwa mbunge, kwa usafi huo wa mikono lingepita bila kupingwa.

Sifa nyingine nazipitia haraka. Halinuki. Haliombi ada. Halibweki usiku, halina dhehebu, na halijawahi kunikopa. Jua la asubuhi likilipiga ubavuni, linatupa ukutani kipande cha rangi ambacho hakuna aliyekiomba na hakuna anayekilipia.

Lilifikaje Mkiwa? Kwa njia ambayo vitu vingi hufika Mkiwa: lilikuwa linakwenda kwingine. Hapa ni njia panda. Ukitoka Manyoni, barabara moja inaendelea Singida mjini na mbele hadi Mwanza. Nyingine inakata kwenda Itigi, Rungwa na Makongolosi, mpaka Chunya na Mbeya. Shemeji yangu alikuwa anahamia Mwanza kikazi. Kufika hapa akaona kioo kinagongana na kabati, akakishusha. "Mwalimu," akasema, "hili litakupendezea sebule. Wewe amua tu utaweka nini." Akaniachia na mfuko wa kokoto za buluu na ngome ya plastiki iliyovunjika mnara, akawasha gari.

Wewe amua tu. Maneno hayo mepesi ndiyo yaliyolipa tangi hili cheo chake, maana fadhila yake kuu, ile inayostahili wino wa dhahabu, ni kwamba linatengeneza wataalamu. Chuo kikuu kinahitaji miaka mitatu, mkopo wa serikali na joho. Tangi langu linahitaji kikombe kimoja cha chai. Mtu anaingia sebuleni hawezi kutofautisha sato na sangara. Anauliza hiki kioo ni cha nini, anajibiwa, anainama, anakigonga kwa ukucha mara mbili, anakunja uso. Anaponyanyuka, ni profesa. Nimemshuhudia fundi baiskeli akihitimu kabla chai yake haijapoa. Nimemwona mjumbe wa nyumba kumi aliyekuja kwa habari ya mbuzi aliyepotea akisahau mbuzi, akatoa mhadhara juu ya hewa ya oksijeni, akaondoka akiwa amepewa heshima ambayo ukoo wake haukuwahi kuiota. Kama wizara ya elimu ingegawa matangi matupu kwa kila kata, nchi ingejaa wahitimu kufikia sikukuu ya wakulima, na bodi ya mikopo ingefungwa kwa kukosa wateja.

Na hoja zenyewe si za kitoto. Baba mdogo, ambaye hamwelewi samaki asiyekaangwa, alisema perege. Nikamwambia tangi lina sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 likijaa hadi ukingoni. Perege akibanwa hivyo hudumaa, utamlisha mwaka mzima umle kwa kijiti cha meno. Hakukata tamaa. Akasema perege wa huku ni wagumu, wanaishi hata kwenye maji ya magadi. Hapo alikuwa na haki yake: yupo perege wa maziwa ya chumvi ya Tanzania, kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida, anayevumilia maji ambayo wengine yangewaua.

Fundi baiskeli akasema kambale, kwa sababu kambale hafi. Ni kweli kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na ardhi ikiwa na unyevu hujikokota kutoka dimbwi hadi dimbwi. Lakini kiumbe huyo huweza kupita urefu wa mita moja. Angekula kila mwenzake, kisha usiku asukume kifuniko aende zake Itigi.

Jirani yetu mwenye asili ya Kigoma akaja na pendekezo zuri kuliko yote, na nakiri lilinitikisa. Wapo samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaohamia katika magamba matupu ya konokono, wakalala humo na kulea humo. Wengine hawazidi urefu wa kidole. Wanapenda maji magumu, na maji ya visima vyetu, kama kuna sifa isiyokosekana, ni ugumu. Lita 54 zingewatosha ukoo mzima. Huko Ulaya watu hununua samaki wa ziwa letu kwa fedha za kigeni, wakawawekea taa na kuwatazama jioni badala ya taarifa ya habari.

Kisha akaja mwalimu kijana wa biolojia, akaliokoa tangi. Akasema tangi jipya halijazwi samaki siku hiyohiyo. Samaki hutoa amonia. Wanahitajika bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, na wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuota kwenye kokoto na kichujio. Mwenye haraka huua. Nilimpigia makofi. Kumbe utupu wa tangi langu haukuwa uzembe kama mama watoto alivyokuwa akidai, ulikuwa sayansi.

Alipoona samaki wana mambo mengi, akageukia vyura. Akanikumbusha chura wa Kihansi, yule mdogo wa milima ya Udzungwa aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko na hapatikani penginepo duniani. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996. Miaka michache baadaye maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, na kizazi chao kikalelewa ndani ya matangi ya kioo katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao, safari hii wakinyunyiziwa kwa mabomba. Nilisikiliza nimevua kofia. Inawezekana basi kiumbe akakosa maji kwao Tanzania akayapata New York. Nikamwambia kijana tangi langu bado ni dogo kwa majukumu ya kimataifa.

Nimesema nitasifu, na ninasifu. Lakini huu ukucha! Ni nani aliwafundisha watu kwamba kioo hukaguliwa kwa kugongwa? Na ni nani aliwaambia kwamba chombo kikiwa wazi juu basi ni cha takataka? Humo ndani sasa hivi mna vizibo vya soda, betri mbili za rimoti zilizokwisha, njiti za meno, tiketi ya basi ya mtu ambaye sikumbuki kumkaribisha, na nzi waliokauka wakawa wepesi hata ukipuliza wanahama kona. Vumbi la kiangazi nalo, na Singida mnaujua upepo wake, limetanda chini mpaka kokoto za buluu zimekuwa rangi ya mbuga. Gundi nyeusi ya pembeni imeanza kubanduka kwenye kona moja. Mjukuu anaivuta kidogo kila akipita. Mgeni akitoka, mimi ndiye ninayechukua kitambaa. Hakuna profesa aliyewahi kuomba kitambaa.

Na katika jopo lote hilo, kuanzia baba mdogo hadi mwenye digrii ya biolojia, hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yatatoka wapi.

Hapa mvua ina msimu mmoja. Inaanza kuelekea mwisho wa mwaka, ikiwahi. Ikifika Aprili au Mei imekwisha, halafu ni kiangazi mpaka macho yaume. Visima vingi vya mkoa huu hutoa maji ya chumvi, na Singida ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa floraidi, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Samaki wa kufugwa hubadilishiwa sehemu ya maji kila wiki. Chukua robo tu: lita 13 na ushee, zaidi ya nusu ya dumu la lita 20. Nusu dumu hiyo imebebwa na mtu kichwani, au imepandishwa kwenye baiskeli ya kijana anayedai pesa yake kabla hajashusha. Nikimwambia mama watoto ni ya samaki, atakayehamia kwenye tangi ni mimi. Waingereza walipofungua nyumba ya samaki katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, walianza na maji.

Sisi tunaanza na kikao. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991, kila kaya iwe na maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika kwa miguu yake wenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikaziokota mita 400 zilezile pale zilipoachwa, ikaongeza kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wapo waliochimba, wapo waliolaza mabomba, na yako maeneo ambayo leo mtoto anakinga ndoo mlangoni. Sikatai, na sitaki nionekane sina shukrani. Ninachojua ni kijiji kimoja nilichofundisha, ambacho sitakitaja. Kilikuwa na kamati ya maji yenye mwenyekiti, katibu, mtunza fedha na mhuri, kabla hakijawa na kisima. Tulibishana mhuri uwe wa duara au wa mstatili. Tukajadili nani atashika ufunguo wa bomba. Likajengwa tangi la zege, zuri, limepakwa rangi ya buluu na nyeupe. Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, akafungua koki. Ilitoka hewa. Ilitoka kwa nguvu, ikakohoa kutu kidogo kwenye kiatu chake. Akasema, "Maji yako njiani," tukapiga makofi, kisha tukaenda kula pilau iliyopikwa kwa maji yaliyobebwa na akina mama tangu alfajiri. Tangi lile lipo hata leo. Nyuki wameingia.

Kuna mgombea mmoja tu wa tangi langu ninayemheshimu, na hakupendekezwa na mtu. Ni samaki wa madimbwi ya masika, wa jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius. Mmoja wao, kutoka huku huku katikati ya nchi, alipewa jina la kitaalamu na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1891. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyolala kwenye tope yanaanguliwa. Samaki anakua mbio, dume linavaa rangi za sikukuu, jike linataga topeni, jua linakausha dimbwi, wote wanakufa. Mayai yanabaki chini ya ardhi iliyopasuka, yakingoja. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, anaweza kukomaa katika muda wa wiki mbili hivi, ndiyo maana maabara za Ujerumani humtumia kuchunguza uzee. Lakini kinachonivua kofia ni jambo jingine: mayai hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine hukaa palepale, kwa tahadhari, endapo mvua ile ni ya kudanganya.

Huyo anaijua nchi. Hakutundika mita 400 ukutani. Nimefikiria sana kujaza tangi langu tope kavu la dimbwi na kubandika karatasi mbele: *Samaki wamo*. Nani angebisha? Profesa angeinama, angegonga kioo, angeambiwa kwamba wako kwenye hatua ya mayai. Katika taarifa ya utekelezaji ningejaza kila kisanduku, na nisingekuwa nimesema uongo hata kwa nukta.

Juzi shemeji amepiga simu kutoka Mwanza, ambako akifungua dirisha la ofisi anaona ziwa. Amepata pampu ya hewa na taa yake, anauliza avitume kwa basi gani, na kama tangi nimeshalijaza. Nimemjibu kwamba maji yako kwenye mpango, wajumbe wamekubaliana kimsingi, na kilichobaki sasa ni kuamua aina ya samaki.